Naomba ushauri: ikifika saa kumi jioni nguvu zinaniisha na hasira zinapanda

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Arua, Uganda. Asubuhi nakunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari na mandazi mawili, kisha sili tena mpaka saa nane, ndipo nashika posho (ugali) na maharage, sahani imejaa. Ikifika saa kumi macho mazito, mikono imelegea, na mteja akiulizia nguo yake tu namjibu vibaya. Juzi nilimfokea binti yangu kwa sababu ya uzi. Alilia, na mpaka leo linaniuma.

Muuguzi mmoja alinieleza kuwa sukari ya namna hiyo hupanda haraka kwenye damu na kushuka haraka, tena chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa. Jumatatu naenda kupima damu.

Sasa nisaidieni: asubuhi nile nini kitakachokaa tumboni bila gharama kubwa? Nafikiria uji wa mtama wenye karanga, au muhogo na mukene (dagaa). Aliyejaribu, aliona tofauti baada ya siku ngapi? Na mliopunguza chai, kichwa hakikuwauma?