Mashua ya alumini mita 11: nifuate kanuni zipi za unene wa bamba?

Tanga_Mbili: Wakuu, habari zenu. Nachora mashua ya matanga ya alumini, mita 11, ya kuvukia bahari kuu na familia yangu. Nimekwama kwenye unene wa bamba na nafasi kati ya mataruma (mbavu za chombo). ISO 12215-5 (kiwango cha kimataifa cha uimara wa vyombo vidogo) na kanuni za Lloyd's Register (shirika la kukagua meli) zinanipa majibu tofauti. Nawaza nichukue shinikizo la maji la ISO, halafu mkazo unaoruhusiwa niutoe Lloyd's. Inafaa?

Fundi_Omo: Usichanganye, mkuu. Kila kanuni imeficha tahadhari yake mahali pake. Nyingine hukuza shinikizo kisha huliachia bamba mkazo mkubwa, nyingine hufanya kinyume. ISO inaliruhusu bamba la alumini lifike asilimia 90 ya mkazo ambao likiuvuka halirudi umbo lake. Ukiokota nusu huku na nusu kule, hujui tena umebakiwa na akiba gani. Kwako ningeshika ISO: imeandikwa kwa vyombo vya mita 2.5 hadi 24. Lloyd's nenda nayo kama mkaguzi wao atasimamia kazi na kukupa cheti.

Mshono: Alumini ipi? Kama ni 5083-H116, cheti cha kiwandani kitasema mkazo huo wa kutorudi umbo ni megapaskali 215, lakini ukishachomelea, kando ya mshono inashuka hadi kama 125. Hesabu kwa hiyo ya chini. Bamba huelemewa zaidi pale linapokutana na taruma, na mshono uko hapo hapo.

Tanga_Mbili: Ndiyo, ni 5083. Na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, je?

Fundi_Omo: Mkuku uko sehemu ya 9 ya ISO 12215, usukani sehemu ya 8. Nakusihi mkuku uupe muda kuliko bamba. Bamba likibonyea mtarudi salama. Mkuku ukikatika, chombo kinapinduka na watoto wamo ndani. Kwenye ISO chagua kundi A, la mawimbi ya zaidi ya mita 4, maana kundi linabadilisha shinikizo. Uzito uwe wa chombo kilichojaa maji, mafuta na chakula. Ukitaka milimita ya ziada kwa ajili ya magogo yanayoelea, iongeze hesabu ikishakamilika.

Mshono: Na hiyo milimita ina uzito wake, ipigie hesabu tena.

Tanga_Mbili: Shukrani sana wakuu. Naanza upya kwa toleo la ISO la 2019, kundi A, megapaskali 125 kwenye mishono yote. Nikimaliza mkuku nitaleta michoro hapa muikague.