RQD (kipimo cha uzima wa mwamba, kwa asilimia) iko juu, mwamba mgumu, ila nyufa zinatokea juu ya ukuta wa shimo. Tatizo nini?

mtu_wa_benchi
Habari wakuu, naomba mawazo. Tuna shimo la wazi, ukuta mmoja ushafika kama mita 120, mwamba mgumu kwelikweli, RQD inacheza 80 mpaka 90, sampuli za maabara zimekuja safi na programu inatoa faktori ya usalama 1.5 (ikiwa chini ya 1 ukuta hausimami). Sasa nyuma ya ukingo zimetokea nyufa zinazokwenda sambamba na ukuta, moja mkono unaingia. Mshauri anataka tuchoronge upya kwa kore zenye mwelekeo (yaani vipande vya mwamba vya mviringo vinavyotoka kwenye mtambo, vikiwekwa alama ya upande vilikoelekea), meneja anasema data iliyopo inatosha, hiyo ni kula hela tu. Nani yuko sahihi?

JiwePori
Mshauri. RQD mkuu ni kujumlisha vipande vya kore vyenye sm 10 kwenda juu halafu unagawa kwa urefu uliochorongwa, basi, haikwambii ufa umeinamia wapi. Unaweza kuwa na RQD 90 na ufa mmoja tu, ila huo mmoja ukiinamia shimoni na kutokeza kwenye uso wa ukuta, na mwinamo wake ukawa mkali kuliko pembe ya msuguano (mwinamo ambao jiwe linaanza kuteleza lenyewe), mzigo wote wa juu unateleza, ugumu wa jiwe hausaidii kitu. Na hiyo programu mliiambia itafute mporomoko wa duara kama wa udongo? Kama ndiyo, hiyo 1.5 imejibu swali lingine kabisa.

dadawakore
Kabla ya kuita mtambo nendeni stoo mkafungue maboksi ya kore. Msiangalie kore nzuri, angalieni pale ambapo haipo, kwenye vile vibao vilivyoandikwa "imepotea sm 20". Mara nyingi pale palikuwa na udongo laini uliojaa kwenye ufa, maji ya kuchoronga yakausomba, na maabara ikapelekewa mawe magumu yaliyobaki, lazima majibu yawe matamu 😅 Cheki pia vipande vya pembeni mwa pengo kama vina mikwaruzo inayong'aa, maana yake pameshawahi kuteleza.

Kisima
Na maji je? Kwenye modeli mliweka ukuta mkavu? Watu wanadhani maji yanalainisha, kumbe kazi kubwa ni shinikizo, linausukuma mwamba ulio juu ya ufa na msuguano unapungua. Bila piezometa (kifaa cha kupima shinikizo la maji ndani ya mwamba) mnakisia tu. Kwa sasa chimbeni mtaro juu ya nyufa, maji ya mvua yasiingie.

rada_na_prizimu
Jamani mbona mnajadili kore wakati ufa unaingia mkono?? Ondoeni watu na mashine chini ya huo ukuta kwanza. Pigeni vigingi pande zote mbili za ufa, pimeni kila zamu, chukueni 1 gawa kwa kasi mchore dhidi ya muda, mstari ukishuka kuelekea sifuri mjue siku imekaribia. Bingham Canyon kule Utah, Aprili 2013, ziliporomoka zaidi ya tani milioni 100 na hakuna aliyeumia, kwa sababu mwendo ulionekana mapema na shimo likaachwa tupu.

mtu_wa_benchi
Asanteni sana. Chini pameshafungwa, vigingi vipo. Maboksi nimefungua na dada hapo juu kanena: mashimo matatu jirani yote yana kore iliyopotea, nimeunganisha hizo sehemu tatu, nikapata uso unaoinamia shimoni nyuzi 30 hivi. Meneja kaona mchoro, kanyamaza. Tuchoronge vipi sasa?

dadawakore
Ukichukulia huo udongo una msuguano wa nyuzi 25 na hakuna mshikamano, tan 25 gawa kwa tan 30 ni faktori ya usalama 0.8, chini ya 1, hapo bado hujaweka maji, ndo ujue hali ilivyo. Tumieni mrija wa kore wa tabaka tatu ili udongo usisombwe, punguzeni maji na kasi, ule udongo ndio mnaoutaka kwa hiyo uufunge kwenye plastiki palepale ukapimwe kukatwa kwenye ufa, siyo kupondwa. Shimo la wima litaukata huo uso vizuri, mengine yalazeni kuelekea ndani ya ukuta yakamate na nyufa zilizosimama. Mtambo usikae kati ya ufa na ukingo. Na mkimaliza msizibe tu, wekeni piezometa humohumo.