Sweta la rangi mbili kuanzia shingoni: yoki ya duara au raglani?

Mfumaji wa Tabata

Habari za jioni, ndugu wafumaji. Mwanangu wa kwanza amepangiwa kufundisha Makete, na ananiambia kwamba asubuhi hawezi kushika chaki mpaka aote moto kwanza. Ninataka kumfumia sweta la kijani kibichi lenye nakshi za rangi ya maziwa, limfikie kabla ya baridi ya Juni. Miaka yote nimefuma kwa kuanzia pindo la chini, vipande vinne, kisha ninaviunganisha kwa sindano ya kushonea, na sijawahi kuridhika na mishono ya mabegani. Safari hii ninataka kuanza shingoni na kushuka kwa mzunguko mmoja bila kushona popote. Ninasita kati ya yoki ya duara, ambapo nakshi huzunguka mabega kama ushanga, na raglani, yenye mistari minne ya mshazari kutoka shingoni hadi makwapani. Kifua chake ni sentimita 96. Yeye yuko mbali, lakini mdogo wake tunayeishi naye hapa ana mwili ule ule.

Bibi wa Upanga

Mwanangu, kama nakshi ndiyo roho ya sweta hilo, chagua yoki ya duara. Ndiyo njia ya masweta ya Iceland yaliyopata umaarufu katikati ya karne ya 20, na sababu yake ni ya hesabu. Katika yoki ya duara huongezi vitanzi kila mara. Unaongeza katika mizunguko michache tu, nayo unaificha kwenye mizunguko ya rangi moja iliyo kati ya ukanda mmoja wa nakshi na mwingine, kwa hiyo ua halikatwi katikati.

Chukua vitanzi 20 kwa kila sentimita 10. Sweta lenye nafasi ya kupumua litakuwa na sentimita 106 kifuani, yaani vitanzi 212. Anza shingoni na vitanzi 96. Baada ya kola fika 154, kisha 231 kwa kuongeza kitanzi kimoja baada ya kila viwili, kisha 308 kwa kuongeza kimoja baada ya kila vitatu. Namba hizo tatu zote zinagawanyika kwa 7, hivyo nakshi ya vitanzi 7 itajirudia mara 22, halafu 33, halafu 44, bila kubaki hata kitanzi kimoja. Mwishoni unaweka pembeni vitanzi 58 kwa kila mkono, unabaki na 192 vya mwili, na unaanzisha vipya 10 chini ya kila kwapa. Hapo umefika 212.

Mfumaji wa Kigamboni

Shikamoo, bibi. Hesabu yako ni safi, lakini ninaomba kutetea raglani, kwa kuwa dada anafuma kuanzia juu kwa mara ya kwanza. Katika raglani unaongeza vitanzi 8 katika kila mzunguko wa pili, kimoja kila upande wa mistari ile minne, na ukiona kifua kinabana au kinalegea unaongeza au unapunguza mizunguko miwili mitatu bila kuharibu kitu. Kutoka 96 hadi kufikia 308 ni kama mizunguko 54. Yoki ya duara haina huruma hiyo: ukigundua imebana baada ya ukanda wa pili, unafumua nakshi nzima. Nilifumua moja mara tatu, na uzi wa maziwa uliishia kuwa na vinyweleo.

Ninakubali kwamba nakshi hukatika kwenye mistari ya mshazari. Ndiyo maana mimi huacha mabega yakiwa na rangi moja na kuanza nakshi chini ya makwapa, ambako idadi ya vitanzi haibadiliki tena. Afanye 210 badala ya 212, na nakshi ya 7 itaingia mara 30.

Bibi wa Upanga

Marahaba. Hoja ya kufumua ni ya kweli, lakini dawa yake ni kipande cha majaribio kilichofumwa kwa mzunguko, kwa rangi zote mbili, kisha kikafuliwa, kikakauka, ndipo kikapimwa. Wengi hupima kipande cha kwenda na kurudi chenye rangi moja, halafu wanashangaa sweta linapobana. Nyuzi mbili zinazopokezana huvuta kitambaa kuliko uzi mmoja.

Mfumaji wa Tabata

Shikamoo, bibi, na ahsanteni nyote. Na uzi je? Kariakoo nimeona akriliki nyingi na pamba ya kutosha, na sufu kidogo.

Fundi wa Mbezi

Pamba iweke kando. Ni nzito, ikivutika hairudi, na nakshi za rangi mbili huigeuza kuwa mzigo unaoning'inia hadi magotini. Sufu ndiyo bora kwa kazi hii, kwa sababu nywele zake hushikana na kuzuia mianya kati ya rangi, na hutunza joto hata ikipata unyevu wa ukungu. Lakini fikiria ufuaji: kijana anayeishi peke yake akiisugua kwa maji ya moto, sweta litasinyaa likawa la mtoto. Akriliki hukauka haraka na haisumbuliwi na nondo, ila pasi ya moto huilaza isiinuke tena. Ushauri wangu ni uzi mchanganyiko wa sufu na akriliki, karibu gramu 600 kwa jumla, na ununue yote siku moja ukihakikisha namba ya rangi kwenye lebo ni ile ile. Duka moja liliwahi kunichanganyia namba mbili za kijani, na tofauti ilionekana mgongoni mara tu nilipotoka juani.

Bibi wa Upanga

Nyongeza mbili. Uzi wa rangi isiyofumwa, unaopita nyuma, usiruke zaidi ya vitanzi vitano bila kunaswa, na kabla ya kubadili rangi tandaza vitanzi kwenye sindano ya kulia ili uzi huo usibane. Pili, uzi unaopita chini ya mwenzake ndio unaojitokeza zaidi mbele. Upitishe wa maziwa chini tangu mwanzo hadi mwisho, usibadilishe hata ukiacha kazi wiki nzima. Na joto hili la Dar likikutoa jasho mikononi, nawa kabla ya kushika ile rangi ya maziwa.

Mfumaji wa Tabata

Nimeamua: yoki ya duara, nakshi ya vitanzi 7, uzi mchanganyiko. Nikifika makwapani nitampimisha mdogo wake kabla ya kuendelea na mwili. Vitanzi vya mikono nitaviacha kwenye uzi wa akiba mpaka kaka yake aje likizo ya Pasaka, kwa sababu urefu wa mkono ndio jambo pekee wanalotofautiana. Kipande cha majaribio kimeshafuliwa. Kimelazwa kwenye mkeka kivulini, nami ninasubiri kikauke nikipime.