Mrejesho: benchi la uani nimeshalipata

Asalaam alaykum. Niliuliza nichukue lipi kati ya mabenchi mawili ya kale hapa Mji Mkongwe: la mvule lenye nakshi za maua, au la msaji lisilo na pambo. Nimechukua la msaji. Aliyeniambia nilipindue kwanza, Mungu amlipe: la mvule juu linang'aa vanishi, chini misumari mipya na mbao imebunguliwa! La msaji limeungwa kwa ulimi na tundu, vigingi vya mti, hamna chuma cha kushika kutu kwa hewa hii ya bahari. Limepauka kijivu, mume wangu anataka lipakwe vanishi, mimi sitaki. Miguu nimeipandisha juu ya mawe, isinywe maji ya masika. Bei sikupunguziwa hata kidogo.