Ushauri: kazi za matengenezo zinatusimamisha kila mara, nizipangeje pamoja? (kiwanda cha mawese, Simbo)

Bi_Mawese

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Simbo hapa Kigoma, nasimamia kiwanda kidogo cha kikundi chetu cha kukamua mawese. Tuna boila ya kuchemshia chikichi kwa mvuke, mashine ya kuponda, presi ya skrubu, na upande wa pili mashine ya kubangua mise (kokwa za chikichi). Injini za dizeli ni mbili: kubwa inaendesha kuponda na presi, ndogo inaendesha mise.

Shida yangu ni hii. Kila mashine ilikuja na kijitabu chake, na kila kijitabu kina namba zake. Oili ya injini masaa 100. Chujio la hewa masaa 50. Mapanga ya kuponda yakaguliwe kila masaa 120, skrubu ya presi 150, filta ya dizeli 200, tapeti (nafasi za valvu za injini) 250, nozo (inayopuliza dizeli ndani ya injini) 500. Beringi za mise grisi kila masaa 40. Mabomba ya moshi ya boila yasafishwe kila wiki, na ndani kuoshwa magadi kila mwezi. Nimeziandika zote kwenye daftari moja, na tukizifuata kama zilivyo tunasimama karibu kila siku ya pili. Kazi yenyewe ni ya robo saa au nusu saa, ila kuzima boila, kusubiri ipoe, kufungua makava na kuchochea upya kunakula saa 3.

Na chikichi haisubiri. Mkungu ukishakatwa asidi inaanza kupanda, na mvuke ndio unaoizuia. Tukikaa siku mbili bila kuchemsha, mafuta yanatoka makali na mnunuzi anashusha bei. Wakulima wanaleta kwa baiskeli kutoka mbali, siwezi kuwaambia warudi na mikungu yao.

Wenzangu kwenye kikundi wanasema tuache vijitabu, tutengeneze kinachoharibika. Mimi sikubali. Naomba mnisaidie namna ya kuzikusanya kazi hizi ziwe na mpangilio.

Fundi_Ujiji

Dada pole na majukumu. Kabla hatujaenda mbali: mnafanya kazi masaa mangapi kwa siku, na kila injini ina mita yake ya masaa?

Bi_Mawese

Asante kaka. Injini kubwa masaa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Ya mise kama masaa 4 kwa siku. Mita iko kwenye kubwa tu, ya mise tunakadiria.

Nguruka94

Mbona rahisi. Chagua siku moja ya mwisho wa mwezi, fanya kila kitu siku hiyo, mwezi mzima unakamua bila bughudha. Sisi kwenye mashine ya kukoboa tunafanya hivyo na kazi zinaenda.

Kasulu_Dizeli

Nguruka94 ndugu yangu, hapo utaua injini. Kwa hesabu ya dada, mwezi ni zaidi ya masaa 190. Oili iliyoandikiwa 100 itakuwa imebeba masizi karibu mara mbili ya kipimo chake, kwenye injini inayovuta vumbi la nyuzi za chikichi siku nzima. Kukusanya kazi maana yake ni kuzivuta nyuma zikutane. Ukizisukuma mbele zipitilize, hujakusanya chochote, umechelewesha tu.

Dada Bi_Mawese, anza na gharama ya kusimama, maana ndiyo inayokuumiza. Kazi 4 za jumla ya saa moja na nusu, ukizifanya siku 4 tofauti unalipa saa 3 mara 4, jumla saa 13 na nusu. Ukizifanya kwenye kusimama kumoja ni saa 4 na nusu. Umeokoa saa 9, zaidi ya siku nzima ya kukamua, na hakuna kazi hata moja uliyoiruka.

Sasa tafuta hatua ya msingi. Yako ni wiki, kwa sababu 8 mara 6 ni masaa 48 na boila tayari inadai kuzimwa kila wiki. Kila namba ya kijitabu ishushe hadi kwenye wiki iliyo chini yake:

Chujio la hewa 50 linakuwa kila wiki. Oili 100 inakuwa kila wiki ya pili, yaani masaa 96, hujapoteza kitu. Mapanga 120 nayo wiki ya pili. Filta ya dizeli 200 ni wiki ya nne, masaa 192. Tapeti 250 ivute nayo wiki ya nne. Unaifanya mapema kwa masaa 58, lakini haikugharimu kipuri, ni muda wa fundi tu na kava limeshafunguliwa.

Nozo ndiyo ya kufikiria kidogo. Wengi watakuambia wiki ya nane ili hesabu iende mbili, nne, nane. Wiki ya nane ni masaa 384, unatupa robo ya muda wa nozo, na kuipima lazima uipeleke mjini ulipie. Wiki ya 10 ni masaa 480, na kumi inagawanyika kwa mbili, kwa hiyo siku hiyo ungesimama hata hivyo kwa ajili ya oili. Kazi ikiangukia siku ambayo tayari umesimama, inatosha. Si lazima hesabu ipendeze.

Skrubu ya presi 150 ndiyo ngumu kuliko zote. Wiki ya tatu ni 144, inakaa vizuri na kijitabu, ila inagongana na mpangilio wako wa mbili mbili. Kwa sasa ikague wiki ya pili, pima ulaji wa skrubu na uandike. Ukiona vipimo havisogei kwa kipindi kirefu, uipeleke wiki ya nne kwa ushahidi. Na kila siku shika makapi yanayotoka kwenye presi uyaminye mkononi. Yakiacha mafuta mengi, skrubu au kikapu chake kimelika, hata kama tarehe bado. Kubadilisha skrubu kwa kalenda ni kutupa pesa, ile inabadilishwa kwa hali yake.

Fundi_Ujiji

Kasulu_Dizeli kamaliza sehemu kubwa. Naongeza upande wa mise, kwa sababu saa yake ni nyingine kabisa. Masaa 4 kwa siku ni 24 kwa wiki. Oili ya injini ile, kama kijitabu nacho kinasema 100, ni wiki ya nne, si ya pili. Mkiibadilisha pamoja na ya injini kubwa mnamwaga oili ikiwa nusu ya kazi yake. Nunua mita ya pili, makadirio ndiyo yanayochanganya ratiba.

Beringi za mise za masaa 40: wiki ya pili ni 48, umepitiliza. Wiki moja ni 24, mapema mno, na grisi ikizidi nayo ina madhara, beringi inapata moto na sili inasukumwa nje. Fanya kila wiki lakini punguza kiasi, zaidi kidogo ya nusu ya kile kijitabu kinachosema. Beringi inapata kiasi kilekile kwa mwezi, na wewe unabaki na siku moja ya kazi.

Mzee_wa_Karakana

Nimefanya kazi karakana ya reli hapa Tabora mpaka kustaafu. Binti, umeuliza swali ambalo vijana wengi hawaulizi. Wamekuonyesha siku gani, mimi nikuonyeshe mfuatano ndani ya siku hiyo, maana kazi zikikusanywa bila mfuatano mtagongana wenyewe kwa wenyewe na saa 4 zitakuwa 7.

Zigawe kazi kwa joto. Oili humwagwa injini ikiwa bado ya moto, uchafu unatoka nao; ikipoa unabaki chini ya sampu (beseni la oili chini ya injini). Grisi nayo huingia vizuri beringi ikiwa na joto. Kwa hiyo dakika mnapozima, mtu wa oili na mtu wa grisi waanze papo hapo. Tapeti zinapimwa injini ikiwa baridi, kwa hiyo zinakuja mwisho. Boila msiiguse mpaka geji isome sifuri na mmefungua valvu ya hewa juu mkathibitisha hakuna mvuke. Na asije mtu akaimwagia maji baridi ipoe haraka, bamba zitapasuka kwenye maungio.

Halafu kuna kazi zisizotakiwa kuwemo kwenye siku ya kusimama kabisa. Valvu ya usalama ya boila hujaribiwa ikiwa na presha. Kusikiliza beringi, kuangalia mtetemo, mvujo wa mvuke kwenye gasketi, moshi wa injini ni rangi gani, hayo yote yanaonekana mashine ikiwa inatembea. Yafanyeni siku moja kabla, jioni, na mkiyaandika ndiyo yanakuwa orodha ya nyongeza ya kesho yake. Kioo cha maji cha boila na kutoa tope la chini ni kila siku, hayo hayangoji wiki.

Bi_Mawese

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru sana, hilo la moto na baridi hakuna kijitabu kilichoniambia.

Mzee_wa_Karakana

Marahaba mwanangu.

Hanga_la_Magharibi

Naongea kutoka upande wa ndege. Mnachojenga hapa ndicho kinachofanyika kwenye ndege zinazotua Kigoma na Tabora: kazi nyingi ndogo hufungwa kwenye vifurushi, kifurushi chepesi kwa masaa machache ya kuruka, kizito baada ya miezi mingi, na hanga (karakana ya ndege) linafungua paneli mara moja kwa kazi zote zilizo nyuma yake.

Ila nina onyo moja, na nalisema kwa uzito. Usikusanye injini zote mbili siku moja. Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Air Lines aina ya Lockheed L-1011 iliondoka Miami kwenda Nassau. Ilikuwa na injini 3, na zote zilikuwa zimefanyiwa kazi ileile kabla ya safari: kukagua vinasa vya chembe za chuma kwenye oili. Vilirudishwa bila oringi, yaani pete za mpira za kuziba. Oili ikavuja kwenye injini zote 3, zikazimika moja baada ya nyingine, na walinusurika kwa sababu ile waliyoizima mwanzo iliwaka tena. Watu 172 walikuwemo. Kosa lilikuwa dogo, ila lilirudiwa kwenye kila injini siku ileile.

Mkiwa na fundi mmoja, injini kubwa iwe wiki za shufwa (2, 4, 6) na ya mise iwe wiki za witiri (1, 3, 5). Nati ikisahaulika, imesahaulika upande mmoja. Na faida ya pili: siku ya wiki ya nne haiwi ndefu kupita nguvu ya watu mlio nao.

Nguruka94

Nimeelewa. Hilo la oili narudi kulirekebisha kwangu pia. Swali: wiki ikiharibika, mfano sherehe au msiba, tunahesabu upya kuanzia siku tuliyofanya?

Kasulu_Dizeli

Hapana. Ilikuwa Ijumaa, mkafanya Jumatatu, inayofuata inabaki Ijumaa yake ileile ya kwenye ratiba. Ukianza kuhesabu upya kila kazi kivyake, baada ya miezi michache zimesambaa tena na umerudi ulikotoka. Mimi naruhusu kupitiliza asilimia 10 kwa oili na filta, zaidi ya hapo nazima mashine. Kwa vitu vya usalama vya boila siruhusu hata saa moja.

Bi_Mawese

Nimekaa na fundi wetu tukapanga hivi, naomba mtazame.

Siku ni Ijumaa, kwa sababu ni siku ya gulio, mikungu inakuja michache. Saa 4 asubuhi tunatoa moto kwenye boila. Fundi anamwaga oili kama ni wiki yake, msaidizi anapiga grisi na kusafisha chujio la hewa. Saa 6 wanaokwenda msikitini wanakwenda, boila inapoa yenyewe. Saa 8 tunarudi kwenye kazi za baridi: mabomba ya moshi kila wiki, mapanga na skrubu wiki za shufwa, tapeti, filta ya dizeli na kuosha boila ndani wiki ya nne. Injini ya mise inapata oili wiki ya kwanza, ya tano, ya tisa. Alhamisi jioni ni ya kusikiliza na kuandika, na valvu ya usalama inajaribiwa hapo. Nozo wiki ya 10.

Vipuri vya wiki ya nne vinaagizwa wiki ya pili, maana vingine vinatoka Dar kwa basi au treni. Na mkaguzi wa boila wa OSHA (wakala wa serikali wa usalama mahali pa kazi) nitamwomba tarehe iangukie wiki ya kuosha ndani, tusiifungue mara mbili.

Kinachonisumbua bado: Ijumaa ikikuta mikungu imejaa uwanjani, nifanyeje?

Mzee_wa_Karakana

Ratiba nzuri. Osheni boila kabla mkaguzi hajafika, asikute tope.

Mikungu ikijaa, sogeza seti nzima hadi Jumamosi. Usifanye nusu Ijumaa na nusu Jumatatu, hapo unalipa zile saa 3 mara mbili. Na kabla ya kusogeza angalia karatasi ya Alhamisi: kama kuna kilichoandikwa kuhusu valvu, kioo cha maji au pampu ya maji ya boila, husogezi. Mikungu itasubiri, hata kama mafuta yatashuka bei.