Sienna ya maili 187,000, taa ya injini imewaka: nitengeneze au nitafute nyingine?

Kutoka: Mama Pacha, Lowell

Hamjambo nyote, na shikamoo kwa wazee.

Naomba mawazo kabla sijafanya ujinga na pesa ambazo sina. Nina Toyota Sienna ya 2013, imetembea maili 187,000. Ndiyo inayonipeleka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, ndiyo inayowapeleka pacha na kaka yao shuleni, na Jumapili inageuka matatu, tunajaza mpaka kiti cha nyuma. Wiki ya pili sasa taa ya injini imewaka. Gari lenyewe halijabadilika: halitetemeki, halikosi nguvu, halili mafuta kuliko kawaida. Ila asubuhi likiwa baridi lina sauti ya tsss tsss huko chini, na baada ya dakika chache inapotea.

Nilipeleka gereji moja ya hapa mjini Lowell, Massachusetts. Dakika kumi tu, wakaniambia katalitiki, kile kifaa cha kusafisha moshi, imekufa, dola 2,400 pamoja na ufundi. Stika ya ukaguzi wa gari inaisha mwisho wa mwezi. Shemeji yangu anasema nisilitupie hilo gari hata senti, kuna yadi ya magari wana Honda Odyssey ya 2012, maili 131,000, dola 8,900. Unatanguliza 900, zilizobaki unalipa kila wiki, na hawaulizi habari za kredi, yaani rekodi yako ya kulipa madeni.

Nifanyeje?

Kutoka: Kijana wa Lynn

Mama Pacha, uza. Maili 187,000 ni nyingi. Leo katalitiki, kesho gia, kesho kutwa sijui nini. Mimi langu lilinimaliza hivyo hivyo, nikitengeneza hapa panaharibika pale.

Kutoka: Fundi Mstaafu, Worcester (zamani mtaa wa Gerezani, Dar)

Mama Pacha, marahaba. Usilipe 2,400 bado, na hiyo Odyssey usiisaini.

Mashine haisemi "katalitiki imekufa". Mashine inatoa namba, na naona hukupewa namba. Irudie gereji ukaiombe, au pita duka la vipuri la AutoZone, wanasoma bure. Tundu la kuchomeka kisomeo liko chini ya usukani, kila gari dogo lililouzwa Marekani kuanzia la 1996 linalo. Nabahatisha utakuta P0420. Maana yake kompyuta imelinganisha sensa ya oksijeni iliyo kabla ya katalitiki na ile iliyo baada yake, ikaona moshi haujasafishwa inavyotakiwa. Huenda katalitiki imechoka kweli. Huenda sensa ya nyuma ndiyo mgonjwa. Na huenda kuna maungio yanavuja, kwa sababu moshi unapopata upenyo wa kutoka, hewa ya nje nayo inapata upenyo wa kuingia. Sensa inaonja oksijeni isiyoihusu, lawama inabebeshwa katalitiki.

Sasa soma tena barua yako. Tsss tsss gari likiwa baridi, likipata moto inapotea. Chuma kikipata moto hutanuka, upenyo unajiziba wenyewe. Pale Gerezani sauti hiyo tuliijua hata boneti halijafunguliwa.

Jaribu hivi. Asubuhi, gari likiwa nje (nje kabisa, si ndani ya gereji mkavuta moshi), mmoja awashe, mwingine avae glovu azibe ncha ya bomba la nyuma kwa tambara nene, sekunde tatu nne tu. Sauti ikizidi huko katikati, umempata mwizi. Panapovuja huwa pana masizi meusi, hata mtoto ataona kwa tochi.

Hao mafundi wa 2,400 sitawatukana. Injini hiyo ni V6 imelazwa kiubavu, na P0420 ni upande wa nyuma, ule uliobanana na ukuta wa kabati la injini. Kuufikia ni kazi ya jasho, na boliti za huku zimekula chumvi. Bei ya ufundi naielewa. Ninachokataa ni kubadilisha kifaa cha bei hiyo bila kutafuta kwanza panapovuja.

Utakutana na washauri watatu, wakatae wote. Wa kwanza atakuuzia chupa ya kumimina kwenye tangi. Sijawahi kuona chupa ikifufua katalitiki iliyokufa. Wa pili atakuambia uinue sensa ya nyuma kwa kipande cha chuma ili idanganyike. Hiyo ni kuchezea vifaa vya kuzuia uchafuzi, sheria ya nchi inakataza. Wa tatu atafuta namba kwa kisomeo ukaingie ukaguzi taa ikiwa imezimika. Haisaidii. Namba ikifutwa, kompyuta inabaki haijamaliza kujipima, na mashine ya ukaguzi inaliona hilo. Inabidi uendeshe siku kadhaa, barabara kuu na mitaani, mpaka ijipime upya, na tatizo likiwepo taa itarudi tu.

Nije sasa kwa Kijana wa Lynn. Mwanangu, maili 187,000 kwa injini hiyo si uzee, kama oili ilimwagwa kwa wakati. Ina mnyororo wa taiming, ule unaoendesha valvu, haina mkanda wa kubadilisha. Odyssey ya 2012 ina mkanda, hubadilishwa kwenye maili kama 100,000 au miaka saba hivi, na ukikatika safarini valvu zinagongana na pistoni, injini imekwisha. Kwa hiyo hiyo ya maili 131,000, swali la kwanza ni risiti ya mkanda. "Nadhani walibadilisha" si risiti.

Mimi huku nauliza kutu kabla ya maili. Kenya gari la mtumba likizidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, basi mmezoea kuhesabu miaka. Huku hesabu majira ya baridi, hesabu chumvi wanayomwaga barabarani. Injini naweza kukufungulia. Giaboksi tutatafuta ya mtumba kwenye yadi ya kuvunjia magari. Lakini fremu ndogo inayobeba miguu ya gari ikitoboka, au vizingiti vya chini ya milango vikibonyea ukivigusa kwa bisibisi, hakuna fundi wa bei nafuu. Basi kabla hujaamua lolote, lipandishwe juu, nilione tumbo. Angalia hasa mabomba ya breki, fremu ya nyuma, na kebo inayoshika tairi la akiba, maana kwa Sienna tairi hilo linaning'inia chini.

Jumamosi mchana nipo. Njoo Worcester, rafiki yangu ana lifti.

Kutoka: Dada wa Makaratasi, Springfield

Fundi amemaliza upande wa spana, niongeze wa karatasi.

Hiyo yadi isiyouliza kredi inajilipa kwenye riba. Tufanye mfano: dola 8,000 kwa miaka mitatu, riba ya asilimia 22, utalipa jumla karibu 11,000. Deni hilo hilo kwa asilimia 8 ni karibu 9,000. Hiyo tofauti ya dola 2,000 ndiyo katalitiki yako. Kabla ya kukubali riba ya yadi, nenda chama cha akiba na mikopo cha mtaani kwako, zile SACCO za huku, uulize kwa mdomo wako. Wengi wetu tunajikatia tamaa kabla ya kuuliza. Na vyama vyetu vya mzunguko si vya harusi na misiba tu. Sisi hapa watu kumi tulipeana zamu, wanne tayari wamenunua gari kwa pesa taslimu.

Maili 131,000 nazo zina siri. Massachusetts, mwuza magari analazimika kutoa dhamana kwa gari la mtumba: likiwa chini ya maili 40,000 ni siku 90 au maili 3,750, kutoka 40,000 hadi chini ya 80,000 ni siku 60 au maili 2,500, kutoka 80,000 hadi chini ya 125,000 ni siku 30 au maili 1,250. Kufika 125,000 dhamana hiyo imekwisha. Odyssey ya shemeji imepita kwa maili 6,000. Ningekuwa na dola 8,900 ningetafuta lenye 118,000 lisilong'aa.

Ukinunua kwa mtu binafsi, msikubaliane kuandika bei ya uongo ili kukwepa kodi. Kodi ni asilimia 6.25 na inapigwa kwenye bei au thamani ya kitabu cha bei za magari, iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Mnajipa dhambi ya bure. Anayepewa gari na mzazi, ndugu wa tumbo moja au mwenzi wa ndoa halipi kodi hiyo, kuna fomu yake ya kiapo, usisahau kuiomba.

Na hili ni kwa kila mtu anayesoma, hata asiye na shida ya gari leo: chukua ile namba ya tarakimu na herufi 17 iliyo chini ya kioo cha mbele, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani. Itakuonyesha kama gari lako limeitwa na kiwanda kurekebishwa kasoro, na matengenezo hayo ni bure hata kama wewe ni mmiliki wa nne. Mama Pacha, Sienna za 2011 hadi 2016 ziliitwa mwaka 2016 kwa sababu ya milango ya kuteleza ya umeme. Nawe una watoto watatu wanaoegemea milango hiyo. Angalia leo. Angalia na mifuko ya hewa yenye kasoro ya kampuni ya Takata, ilihusu magari mamilioni na bado yapo barabarani ambayo hayajatengenezwa.

Kutoka: Papa wa Bukavu, Worcester

Jambo sana kwenu wote.

Hii maneno ya kutu ni kweli, mimi ilinipata. Mwaka wangu wa pili hapa nilinunua gari ya watu saba kwa mtu binafsi, makuta yote nilimpa mkononi. Juu inang'aa kama sahani. Hakuniruhusu kuiona baridi, nilifika nikakuta injini tayari ina moto, nami sikuelewa kwamba moto unaficha sauti za ubovu. Leo nikikuta boneti ina moto narudi nyumbani.

Siku ya nne nikaipeleka ukaguzi, dola 35, wakaikataa: sakafu imetoboka chini ya zulia, moshi unaweza kuingia kwa watoto. Nililia. Lakini mtu wa kanisani akaniambia hapa kuna sheria: gari ikikataliwa ndani ya siku saba toka uinunue, na kuitengeneza kunapita asilimia kumi ya bei, unaweza kuirudisha na kudai makuta yako, hata kwa mtu binafsi. Nikaomba mkaguzi aandike sababu, nikaomba fundi aandike bei, nikairudisha kabla ya siku kumi na nne. Yule bwana alikasirika sana, lakini alirudisha.

Kwa hiyo usingoje. Watu wananunua gari, wanaanza kuweka redio.

Kutoka: Mama Pacha, Lowell

Wapendwa, narudi na ripoti.

Namba ilikuwa P0420 kama Fundi alivyosema. Jumamosi tulienda Worcester, pacha wakalala njiani, mimi mwenyewe nusura nilale maana nilikuwa nimetoka zamu. Lilipopandishwa tu Fundi akaonyesha kwa kidole: masizi meusi kwenye maungio, gasketi imeliwa upande mmoja, boliti moja haipo kabisa, imekatika kwa kutu. Boliti nyingine ilikatika alipoigusa. Saa mbili za kuchoma na kupiga nyundo, maneno aliyoyasema Fundi siyaandiki hapa. Gasketi, boliti na springi zake: dola 46. Fundi alikataa pesa ya ufundi, akakubali chapati na maharage. Tambara sikulijaribu asubuhi ile, niliogopa majirani.

Nimeendesha siku sita, taa haijarudi. Jana stika nimepata.

Habari ambayo si nzuri sana: mabomba ya breki ya nyuma yana kutu, Fundi amesema yasifike theluji. Fremu imeanza kuchubuka lakini bado ngumu. Amenipulizia yale mafuta ya manyoya ya kondoo, sasa gari linanuka kama zizi. Milango kweli ilikuwa imeitwa na kiwanda na mwenye gari wa kwanza hakuenda. Nimepata miadi Alhamisi, bure.

Shemeji amenuna. Odyssey nilienda kuiona ili nisionekane mkaidi. Niliuliza risiti ya mkanda, muuzaji akaniambia gari hilo linatumia mnyororo.

Kutoka: Fundi Mstaafu, Worcester

Mnyororo! Haya.

Mama Pacha, mabomba ya breki tutatumia ya shaba na nikeli, hayashiki kutu na yanakunjika kwa mkono. Nunua futi 25 na koneksheni zake, mashine ya kupanua ncha tutaazima dukani, unaacha amana wanakurudishia. Jipe siku nzima. Kijana wa Lynn, nawe njoo uvae ovaroli, utatukanyagia breki tukitoa upepo.

Kutoka: Kijana wa Lynn

Nakuja, mzee. Lakini na langu mlitazame. Lina sauti likikata kona kulia, krr krr krr.

Kutoka: Fundi Mstaafu, Worcester

Kulia tu, au hata kushoto? Likiwa limebeba watu au tupu? Usilete gari, lete majibu kwanza.