Benchi la paleti linasaga usiku, kuna mdudu wa pembe ndefu. Nifanyeje?

Baba Wawili, Tabata: Wakuu, salaam. Mwaka juzi nilinunua paleti kuukuu Kurasini, fundi akanitengenezea benchi la sebuleni. Siku hizi umeme ukikatika na feni ikinyamaza, nasikia kru-kru-kru ndani ya ubao. Juzi nimekuta tundu lenye umbo la yai, kidole cha mwisho cha mwanangu kinaingia, na unga wa mbao sakafuni. Pembeni kulikuwa na mdudu mweusi wa sentimita 2 hivi, nyuma ya kichwa ana madoa mawili yanayong'aa kama macho. Mke wangu anasema ni mchwa. Mlango wangu ni wa mninga, umenigharimu. Utapona kweli?

Mzee wa Mbagala: Paka oili chafu, yamekwisha.

Fundi Keko: Oili chafu sebuleni, mzee? Shemeji atamhamishia huko kwako! Halafu inaishia juu juu, mdudu yuko ndani. Gonga ubao kwa mpini wa bisibisi. Pakilia kama debe tupu, chokonoa: utakuta juu pamebaki wembamba wa karatasi, chini unga mtupu ulioshindiliwa. Mchwa haachi unga hivyo, yeye hujenga kwa udongo.

Binti Mufindi: Nimesomea misitu. Kwa maelezo yako anafanana sana na Hylotrupes bajulus, mbawakawa ambaye Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, alimwandika mwaka 1758. Husafiri ndani ya mbao, ndivyo alivyotoka Ulaya akafika hadi Afrika Kusini. Ila uliyemwona siye mlaji. Akishatoka anaishi wiki chache tu, kazi yake ni kutafuta mwenza na kutaga kwenye nyufa. Anayesaga ni buu, na hukaa humo miaka 3 hadi 6, pengine zaidi ya 10 ubao ukiwa hauna lishe. Kwa hiyo inawezekana kabisa ulimnunua pamoja na paleti. Mninga hagusi, anakula misonobari, yaani paini, na jamaa zake. Mimi naulizia kenchi zako, mbao zinazobeba paa.

Baba Wawili, Tabata: Duh. Kenchi ni paini. Za sebuleni zina dawa, za jikoni nilibana matumizi.

Binti Mufindi: Basi panda na tochi jikoni. Benchi litoke nje leo, kisha tazama muhuri wa paleti: mchoro wa shuke na herufi HT. Maana yake ubao ulipashwa moto hadi kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Buu aliyekuwemo hapo hatoki hai.

Baba Wawili, Tabata: Nimelipindua. Mbao nne zina muhuri, ya tano haina, na tundu liko hapo hapo. Kumbe fundi wangu alichomekea!

Fundi Keko: Ing'oe uichome. Usiitupe jalalani, kuna mtu ataiokota atengenezee kitanda.

Baba Wawili, Tabata: Imeshaungua uani. Nilipoipasua walidondoka mabuu wawili weupe, wanene. Kuku wa jirani wamegombana. Kesho naazima ngazi.